Motohomu ya V10, maili 52,000, plagi hazijawahi kuguswa: tubadilishe sasa au tusubiri?

"Shikamoo fundi. Tunaishi Columbus, Ohio, mwaka jana tulinunua motohomu (gari lenye nyumba ndani) ya 2008, imejengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, injini ni V10 ya petroli. Ina maili 52,000 tu, wazee waliotuuzia walikuwa wanaipaki muda mwingi, na kwenye makaratasi yao sijaona popote palipoandikwa plagi zimebadilishwa. Mwezi wa saba tunataka kwenda na watoto Colorado alafu tupande mpaka Yellowstone. Tatizo ni kwamba ikiwa inapanda kilima kwenye maili 45 hivi kwa saa kuna mtetemo unakuja alafu unapotea, ila taa ya cheki injini haijawahi kuwaka. Gereji ya kwanza wamesema tubadilishe plagi zote 10 na koili zote 10, zaidi ya dola 2,000. Fundi mwingine kasema Ford wenyewe wameandika maili 100,000, tuache. Mjomba wangu yuko Mwanza anasema tuzitoe, tuzipige msasa, turudishe. Na mume wangu kipindi chote cha baridi alikuwa anaiwasha dakika kumi kila Jumapili ili plagi zisife. Tumsikilize nani?"

Marahaba dada, na hongereni kwa chombo. Nimesoma swali lako mara mbili, na naona unachoogopa siyo plagi zenyewe, unaogopa kukwama mlimani na watoto nyuma, alafu unaogopa na kuliwa hela na gereji. Hofu zote mbili ni halali kabisa. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba badilisheni plagi zote 10 kabla ya safari, koili, zile zinazozipa plagi umeme, ziacheni isipokuwa ile itakayoonekana mbovu, ila kabla hamjashika hata soketi pimeni kwanza huo mtetemo, kwa sababu inawezekana kabisa hautoki kwenye plagi, na itakuuma sana kulipa hela yote hiyo alafu gari ikaendelea kutetemeka vilevile. Sasa nieleze kwa nini, maana hao wanne wote waliokushauri kila mmoja ana kipande cha ukweli na kila mmoja kuna kitu amekiruka.

Plagi kazi yake ni moja, kurusha cheche kati ya ncha mbili ndani ya silinda. Kila cheche inayoruka inang'oa chembe ndogo sana ya chuma kwenye ncha, huwezi kuiona kwa macho, lakini zikirundikana mamilioni kwa mamilioni ile nafasi kati ya ncha, gepu kama tunavyoiita, inazidi kupanuka. Ni kama mtu anayeruka mtaro, mtaro ukipanuka lazima akimbie zaidi ndo aruke, na kwenye plagi hiyo nguvu ya kukimbilia ni volti. Koili inabidi itoe umeme mkubwa zaidi na zaidi kuvusha cheche ileile. Kwenye injini yako gepu ya kiwandani ni kama milimita 1.3 mpaka 1.4 hivi, fungua boneti utaona stika ina maelezo hayo. Plagi ikichoka gepu inavuka hapo, koili inajitahidi, inajitahidi, mpaka siku umeme unaona njia rahisi ni kutobolea pembeni kwenye ule mpira mrefu wa koili unaoshika kichwa cha plagi, unakimbilia kwenye bodi ya injini. Hapo silinda haijawaka, gari inamisi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba cheche inaruka kwa shida zaidi pale silinda inapokuwa imejaa hewa na mgandamizo ni mkubwa. Yaani umekanyaga mafuta, gari nzito, mwendo mdogo, mzunguko wa injini uko chini. Ndo maana plagi iliyochoka haikusumbui gari ikiwa sailensi, imesimama inaunguruma tu, wala barabara ya tambarare haikusumbui, inakusubiri kwenye kilima. Kwa hiyo mtetemo wako wa maili 45 kwenye mwinuko unaendana na plagi, hilo sikatai. Ila kuna kitu kingine kinafanana nao kama pacha, nitafika huko.

Sasa hizo maili. Huyo aliyekwambia Ford wameandika 100,000 hajakudanganya, ratiba ya kawaida ndo inasema hivyo kwa injini hizi. Lakini maili haziwashi plagi, mzunguko wa injini ndo unaoziwasha. Kwenye injini ya namna hii kila plagi inapiga cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Gari dogo likiwa barabara kuu, haiwei, linazunguka labda 2,000 kwa dakika, hiyo ni cheche 1,000 kwa dakika, 60,000 kwa saa kwa kila plagi. Motohomu yako ikiwa imebeba matangi ya maji, gesi, vitanda, watoto na mizigo inaweza kuwa na zaidi ya kilo 6,000, inasukuma hewa kama ukuta, na mara nyingi itakuwa inazunguka karibu na 3,000. Hapo ni cheche 90,000 kwa saa kwa kila plagi, kwa mwendo uleule, kwa maili zilezile. Ukihesabu kwa cheche, maili zako 52,000 zinakaribia maili 78,000 za gari dogo, na hapo bado sijahesabu joto na mzigo. Alafu kitabu hichohicho cha gari kina sehemu ya matumizi mazito, kuvuta trela, kubeba mzigo mkubwa, kuunguruma muda mrefu bila kutembea, na vipindi vya huko ni vifupi. Watu wanasoma ukurasa wa kwanza wanafunga kitabu. Kwa hiyo mimi kwa motohomu ya petroli yenye plagi za platinamu naanza kuzifikiria kuanzia maili 50,000 na sipendi zivuke 70,000, hata kama gari inaenda vizuri. Uko ndani ya hilo eneo.

Na umri je? Hapa watu wanachanganya. Plagi ikikaa bila kuwaka ncha zake haziliki, plagi ya miaka kumi iliyolala haijachoka kwa maana hiyo. Kinachozeeka ni vitu vinavyoizunguka. Mpira wa koili unakauka na kupasuka nyufa za nywele. Maji na unyevu vinaingia kwenye shimo la plagi, na mashimo ya injini hii ni marefu, plagi imekaa chini kabisa kama kisimani, maji yakishaingia hayana pa kutokea. Na kubwa kuliko yote, plagi ya chuma imefungwa ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ya aluminiamu, metali mbili tofauti, joto, baridi, joto, baridi kwa miaka 15 na zaidi, zinashikana. Kila mwaka unaousubiri unaongeza kidogo uwezekano wa plagi kutoka na thredi za hedi, yale meno ya skrubu yanayoishika. Hii kwangu ndo sababu nzito ya kuzibadilisha sasa, nzito kuliko hata maili.

Mjomba wa Mwanza namuelewa sana, maana mimi mwenyewe ufundi nimeuanzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na huko plagi ilikuwa inatolewa, inapigwa brashi ya waya au msasa, gepu inagongwa kwa jicho, inarudi. Kwa plagi za zamani zenye ncha nene ya nikeli, ukiwa na injini ya kabureta inayotoa masizi, ile kazi ilikuwa inakusogeza wiki kadhaa. Plagi zako ni za platinamu, ile platinamu ni kipande kidogo sana kilichochomelewa kwenye ncha, ukikipitishia msasa umekikwangua na ndo chenyewe ulichokilipia. Alafu brashi ya waya inaacha mistari ya chuma kwenye ile kauri nyeupe na umeme unapata njia ya kutorokea. Na hata ukiacha hayo yote, kwenye V10 kazi ngumu ni kuzifikia plagi, ukishahangaika nusu siku kuzitoa hakuna hesabu yoyote inayokwambia urudishe zilezile za zamani. Mwambie mjomba shkamoo, ila hapana.

Za mumeo za dakika kumi kila Jumapili, naomba aache, na nasema kwa heshima maana nia yake ilikuwa njema. Plagi inajisafisha yenyewe ncha yake ikifika joto la kama nyuzi 450 za sentigredi kwenda juu, hapo masizi yanaungua. Injini baridi inayounguruma dakika kumi getini haifiki huko, na wakati ni baridi kompyuta inamwaga petroli nyingi zaidi, kwa hiyo kila Jumapili alikuwa anaongeza masizi kwenye plagi, maji kwenye egzosi na petroli kidogo kwenye oili. Kipindi cha baridi ama iacheni ilale kabisa na dawa ya kutunza petroli ndani ya tangi, ama muitoe barabarani ikimbie nusu saa au zaidi mpaka kila kitu kipate moto vizuri. Katikati hapo hakuna faida.

Sasa gereji, plagi 10 na koili 10. Plagi sawa. Koili 10 kwa pamoja, bila kupima, bila kodi hata moja, yaani namba ya hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari, hapo wanabadilisha vitu kwa kubahatisha kwa hela yako. Koili nzuri ya kiwandani inaweza kuendelea kufanya kazi miaka mingi, na nimeona mara nyingi sana mtu katoa koili za orijino zilizokuwa nzima akaweka za bei chee kutoka mtandaoni, alafu baada ya miezi michache ndo matatizo yanaanza. Kinachozeeka zaidi ni ule mpira wa chini na springi yake, na vinauzwa peke yake kwa bei ndogo. Waambie wabadilishe plagi 10 na mipira 10, koili zenyewe ziangaliwe moja moja, yenye ufa au alama ya kuungua itolewe. Wakikataa kabisa nendeni kwingine. Kuna upande mmoja nitawatetea, kwa motohomu inayokwenda mbali, koili moja au mbili za akiba kwenye droo ni wazo zuri, siyo kumi kwenye injini.

Haya, mtetemo wenyewe, na hapa naomba usome taratibu. Kuna mambo mawili yanayotoa mtetemo huohuo, mwendo huohuo, kilima hichohicho. La kwanza ni misi. La pili ni toki konveta ya gia, ile inayounganisha injini na gia boksi, ina klachi ndani yake inayojifunga ukiwa kwenye mwendo wa kutulia, na oili ya gia ikizeeka ile klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, ukiwa kwenye usukani utaapa kwamba ni plagi. Namna ya kutofautisha ni hii, tafuta barabara tulivu isiyo na gari nyuma yako, mwinuko wa kawaida, mtetemo ukianza endelea kushikilia mafuta vilevile alafu kwa mguu wa kushoto gusa pedali ya breki kidogo tu, kiasi cha taa za nyuma kuwaka, usifunge breki. Ukigusa breki kompyuta inafungua ile klachi. Mtetemo ukikatika papo hapo na mzunguko wa injini ukapanda kidogo, mtuhumiwa ni gia na anzia kwenye oili ya gia boksi. Mtetemo ukiendelea kana kwamba hujafanya kitu, rudi kwenye plagi na koili. Dereva asiyezoea kutumia mguu wa kushoto asijaribu, afanye fundi mkiwa nae ndani ya gari.

Alafu gari isomwe kwa mashine hata kama taa haijawaka. Hili wengi hawaliamini, wanadhani taa isipowaka kompyuta haijaona kitu. Kompyuta inahesabu misi za kila silinda muda wote na inawasha taa pale tu zikizidi kiwango na kujirudia, kwa hiyo unaweza kuwa na silinda moja inayokosa mara moja moja na kwenye injini ya silinda 10 zile tisa zinaificha vizuri. Mashine nzuri inaonyesha hesabu hizo pamoja na kodi zinazosubiri. Ukikuta P0303 maana yake silinda ya tatu, P0307 ya saba, P0310 ya kumi. Kwa Ford hii, upande wa abiria kuanzia mbele ni 1 mpaka 5, upande wa dereva kuanzia mbele ni 6 mpaka 10. Kipimo cha bure kabisa cha koili ni kuihamisha, koili ya silinda ya 3 peleka ya 7 na ya 7 ilete 3, tembea tena, misi ikihamia 7 koili ni mbovu, ikibaki 3 tatizo ni plagi au kitu kingine cha silinda hiyo. Ukikuta P0171 na P0174, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na kwenye hizi V10 mwambie fundi apapase nyuma kabisa ya injini, kuna kiwiko cha mpira cha bomba la kupumulia oili kinachooza na kuwa laini kama tambi, ni mpira wa hela kidogo tu na unasumbua watu miezi.

Na petroli ya wazee iliyokaa ndani ya tangi? Mlishaimaliza bila shaka, ila chujio la mafuta kama halijulikani lini lilibadilishwa, libadilishwe tu.

Sasa kazi yenyewe, maana kwenye injini hii kubadilisha vibaya kuna hatari kuliko kutobadilisha. Hizi V10 za valvu mbili kwa kila silinda, ambayo ndo yako kwa sababu chesisi za E-450 zilibaki nazo, zilianza mwaka 1997, na zile za mwanzo hedi zake zilikuwa na thredi chache sana za kushika plagi, matokeo yake plagi ikilegea ilikuwa inafyatuka kutoka kwenye hedi na koili juu yake, mlio kama bunduki. Ford waliongeza thredi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo ya 2008 ina hedi iliyoboreshwa na sitaki ukeshe ukisoma hadithi za watu wa 1999. Lakini somo limebaki, aluminiamu haisamehe, plagi isikazwe kwa hisia ya mkono wala kwa bunduki ya upepo. Itumike toki renchi, ile spana inayopima nguvu, na namba itoke kwenye kitabu cha ufundi cha mwaka wa gari lako.

Injini iwe imepoa kabisa, ilale usiku mzima, kwa sababu aluminiamu ya moto thredi zake zinang'oka kirahisi. Plagi za mbele unazifikia kupitia boneti, za nyuma lazima utoe lile bonge la plastiki lililokaa kati ya kiti cha dereva na cha abiria, toa kapeti, toa vifungo, vuta, na hapo utaiona nusu ya nyuma ya injini iko sebuleni kwako. Koili zikishatoka, kabla ya kugusa plagi kila shimo lipigwe upepo wa kompresa mpaka mchanga na maji vitoke, la sivyo uchafu wote ule unadondokea ndani ya silinda. Plagi ilegezwe robo, ikilalamika iwekewe oili ya kulegeza kutu, isubiriwe, irudishwe ndani kidogo, itolewe tena kidogo. Fundi anayeivuta kwa nguvu moja mpaka itoke, mwambie asimame. Mpya ianzwe kwa mkono, kipande cha bomba la mpira kwenye kichwa cha plagi, unazungusha kwa vidole, ikipinda thredi mpira unateleza wenyewe kabla hujaharibu hedi. Ndani ya mpira wa koili paka ile grisi nyeupe ya umeme kidogo. Kwenye thredi zenyewe usipake grisi yoyote, watengenezaji wa plagi wengi hawataki kwa sababu plagi tayari ina mipako yake na ukilainisha thredi toki renchi inakudanganya, unakaza zaidi ya ulivyokusudia.

Mkisoma hapa na mna motohomu kubwa ya chesisi ya F-53 yenye V10 ya valvu tatu, hayo maelekezo hayawatoshi. Zile zilikuja na plagi ndefu ya vipande viwili ambayo ncha yake inagandia kwenye hedi na kukatika ukiitoa, Ford walitoa utaratibu maalumu wa kuilegeza kidogo sana, kumwagia kisafisha kabureta na kusubiri dakika 15 au zaidi. Hiyo pelekeni kwa aliyeshaifanya.

Kuhusu aina, nunua zilezile namba zilizoandikwa kwenye kitabu, za platinamu. Hizi wanazoita za kopa, yaani shaba, kopa iko ndani tu, ncha yake ni nikeli, ni rahisi na zinawaka vizuri ila utazirudia mapema sana, pengine maili 30,000, na kwa kazi ilivyo ngumu kwenye E-450 hela uliyookoa inakwenda kwa fundi. Nunua duka la spea lenye jina, plagi feki mtandaoni ni nyingi na boksi linafanana kabisa. Na hata za boksi pima gepu zote 10, nimeshakuta zilizogongwa kwenye usafiri.

Zilizotoka usizitupe. Zipange mezani kwa namba za silinda zake na uzipige picha. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ya masizi, hizo zitakuwa Jumapili za mumeo. Nyeusi yenye mafuta, oili inaingia silinda hiyo. Nyeupe iliyofura, ilipata joto kali, muone fundi kabla ya safari. Mstari mwembamba mweusi ulioshuka kwenye kauri ya juu kama umechorwa kwa penseli ndo umeme uliokuwa unatoroka, na hapo umepata misi yako, lazima mpira wa silinda hiyo ubadilishwe. Ila ile pete ya kahawia kwenye kauri pale inapokutana na chuma isikutishe, mafundi wengine wanasema ni moto unavuja, ni vumbi na oili vilivyovutwa na umeme wa juu, haina madhara.

Milima yenyewe haiui plagi dada. I-70 hiyohiyo inayopita Columbus inakupeleka mpaka Denver, na mkiendelea nayo magharibi mtapanda mpaka handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000. Kule juu hewa ni nyepesi, mgandamizo unapungua, cheche kwa kweli inaruka kirahisi kidogo. Kinachopungua ni nguvu, kama asilimia 3 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kule juu mnakaribia kupoteza asilimia 30. Gia itashuka na injini itapiga kelele 4,000 na zaidi kwa dakika nyingi, hiyo ni kawaida ya V10, imetengenezwa hivyo, wekeni Tow/Haul, ile hali ya gia ya kubebea mzigo, kaeni kulia, angalieni geji ya joto tu. Kelele yenye mdundo mmoja ni nzima. Kelele yenye kudunda, kukatika, kutikisa usukani, hiyo siyo mlima.

Taa ya cheki injini ikiwaka bila kupepesa unaweza kufika mji unaofuata taratibu. Ikipepesa punguza mafuta hapohapo na tafuta pa kusimama, petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki, wengine wanaiita masega, inapata moto mkali, na msisimame juu ya majani makavu. Ukisikia tik tik tik inayokwenda na mzunguko wa injini kutoka upande mmoja, inaweza kuwa plagi iliyolegea au stadi (bolti) ya egzosi iliyokatika, zote mbili zinahitaji fundi kwa mkono wake, hazipimwi kwa simu. Plagi ikigoma kutoka au ikitoka na vumbi la aluminiamu kwenye thredi, simamisheni kazi, tafuteni gereji yenye vifaa vya kuweka bushi mpya ya thredi. Na kabla ya kumpa mtu funguo muulize swali moja tu, umeshatoa plagi ngapi za V10 ya E-450, na ukitoa moja na thredi utafanyaje. Anayeijua kazi atakujibu bila kufikiria.

Muda, msifanye wiki ya safari. Kazi iishe mwishoni mwa mwezi wa tano, alafu jazeni maji, pakieni kama mnakwenda kweli, mshuke US-33 mpaka Hocking Hills mkalale siku mbili. Vilima vya kule vinatosha kabisa kuonyesha kama mtetemo umeondoka, na mkiwa kule mwambie mumeo aangalie jenereta, nayo ina plagi yake, inahesabiwa kwa masaa na siyo maili, na kwa wazee waliokuwa wanaipaki muda mwingi sina shaka hiyo ndo haijawahi kuguswa kabisa.